Kuendesha glaida ya utafiti wa bahari kutoka Mtwara: mwongozo kamili, tangu kibali hadi kuiopoa

Mara ya kwanza niliposhusha glaida pale Mikindani, mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife ufukweni aliiangalia kwa muda, kisha akaniita. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hicho kidude kina mashine?" Nikamwambia hakina panga boi, kinazama na kuibuka tu, na mbawa ndizo zinazokipeleka mbele. "Basi kitakwenda na maji," akasema, akarudia uzi wake.

Sisi tulikuwa tumepanga kiende mashariki. Siku ya tatu kilikuwa kinatupigia simu kutoka nje ya Lindi.

Haya ninayoandika ni kwa ajili ya kijana wa chuo, fundi au ofisa wa hifadhi ambaye kesho atakabidhiwa chombo hiki na kuambiwa akipeleke kwenye bahari ya kusini. Maelekezo ya kiwandani utayapata ndani ya sanduku. Mimi nitasema zaidi yale ambayo sandukuni hayamo.

Kidude chenyewe

Glaida ni bomba lenye pua ya duara, mara nyingi la rangi ya njano, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, uzito wa kilo 50 hadi 70. Ndani kuna pampu inayosukuma mafuta kutoka kwenye tangi la ndani kwenda kwenye mfuko wa mpira ulio nje ya mwili mgumu. Mfuko ukijaa, chombo kinanenepa bila kuongezeka uzito, kinapanda. Mafuta yakirudi ndani, kinakonda na kuzama. Pakiti ya betri husogezwa mbele ili pua iiname, hurudishwa nyuma ili pua iinuke. Mbawa hugeuza kushuka na kupanda huko kuwa mwendo wa mbele, na njia yake chini ya maji inakuwa kama meno ya msumeno.

Kikiibuka, kinainua antena, kinasoma mahali kilipo kwa GPS, kinapiga simu ya setilaiti, kinatuma data na kupokea maagizo, kisha kinazama tena. Kasi yake ni kama mita 0.3 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa saa, kilomita 25 kwa siku. Mtu anayetembea polepole kwenye mchanga wa Msangamkuu anakiacha nyuma. Lakini pampu hufanya kazi ya maana mara mbili tu katika kila mzamo, kwa hiyo betri hudumu wiki, hata miezi. Wazo la kundi la vyombo vya namna hii lilielezwa na Henry Stommel mwaka 1989, na mojawapo ya aina zake ilipewa jina la Joshua Slocum, baharia aliyeizunguka dunia peke yake kwa tanga kati ya 1895 na 1898. Mwaka 2009 glaida ya Chuo Kikuu cha Rutgers ilivuka Atlantiki kutoka New Jersey hadi Hispania kwa siku 221. Kwa hiyo uvumilivu inao. Nguvu ndiyo haina.

Kwanza jiulize unataka kujua nini

Watu huanza na chombo, halafu wanatafuta swali la kukipa. Usifanye hivyo, maana glaida moja mpya pamoja na vihisi vyake huzidi dola 100,000 za Marekani, na wengi wetu tutaiazima kutoka kwa washirika kwa majuma machache.

Glaida inafaa kwa maswali ya maji makuu. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalibabuka kwa joto, ya kwetu yakiwemo. Setilaiti huona joto la uso wa bahari tu. Joto hilo limeshuka hadi pima ngapi, na maji baridi yako wapi chini yake, setilaiti haisemi. Glaida inapita katikati yake na kupima. Vilevile inapima oksijeni na kina cha tabaka ambapo joto hukatika ghafla, jambo linalomhusu kila anayemfuata jodari. Ukiifunga kipaza sauti cha majini, itasikiliza nyangumi wa nundu wanaokuja huku kila mwaka wakati wa kusi.

Kama swali lako ni la ndani ya Ghuba ya Mnazi, au la joto linaloua mwani kwenye mashamba ya akina mama, achana na glaida. Nunua kipimajoto kidogo kinachojirekodi, ukifunge kwenye kigingi cha mwani, urudi baada ya mwezi. Nimeona fedha nyingi zikitumika kuthibitisha jambo ambalo kigingi kingelisema.

Mkondo

Hapa nitakaa, kwa sababu usipoelewa mkondo mengine yote ni bure.

Mkondo wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hupita juu ya ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha hugonga bara karibu na Rasi Delgado, kati ya latitudo 10 na 11 kusini. Ukishagonga hugawanyika. Mkono mmoja hupanda kaskazini kuelekea Lindi, Kilwa na Mafia, nao ndio Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Mwingine huteremka kwenye Mlango wa Msumbiji. Mtwara mjini ni latitudo 10 na dakika 16. Sisi tumejenga mlangoni kabisa pa njia panda hiyo.

Wakati wa kusi mkono wa kaskazini huweza kufika mita 1 kwa sekunde na kuzidi. Kaskazi ikivuma hupungua. Sasa weka namba hizo kando ya glaida yako ya mita 0.3. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde huchukua kitu kilomita 86 kwa siku. Kilwa Masoko kwa mstari ulionyooka ni kilomita 160 na kidogo kutoka Mtwara. Ukielekeza pua kusini ili kushindana nao, utarudi nyuma huku pua ikiangalia mbele, na betri inaliwa.

Kinachokuokoa ni kwamba mkondo una nguvu zaidi juu kuliko chini. Glaida ya kina cha mita 1,000 hutumia saa nyingi katika maji yanayokwenda taratibu, kwa hiyo wastani wa kusukumwa kwake ni mdogo kuliko wa kitu kinachoelea. Tuseme wastani huo ni mita 0.4 kwa sekunde kwenda kaskazini, nawe umeelekeza pua mashariki kabisa. Kwa siku tatu utapata kilomita 78 kwenda mashariki na, utake usitake, kilomita 104 kwenda kaskazini. Umeondoka Msimbati, umetokea usawa wa kati ya Lindi na Kilwa, mbali nje. Huo ndio mpango halali. Ukate mkondo kwa ubavu, ukubali kuchukuliwa, na usubiri chini ya mkondo kuopoa.

Kwa hiyo boti ya kuopolea isiwe Mtwara. Tafuta nahodha Lindi au Kilwa kabla hujashusha chochote, mkubaliane bei ya siku na mafuta, na uwe na gari la kufuata kwa barabara likiwa na machela na zana. Sisi mara ya kwanza tulikuwa na boti moja, nayo ilikuwa imefungwa Mikindani.

Jambo la pili ni muda wa kukaa juu. Dakika 15 za kupiga simu kwenye mkondo wa mita 1 kwa sekunde ni mita 900 umepotea. Punguza data inayotumwa kila mara: tuma kipimo kimoja kati ya kumi, vingine vibaki kwenye kumbukumbu ya chombo hadi kikiopolewa. Na zamisha mbali chini. Pwani yetu ina ukingo mwembamba, ukitoka nje ya mwamba kilomita chache tu chini panaporomoka, kwa hiyo glaida ya mita 200 hapa inakunyima faida uliyopewa na Mungu. Chukua ya mita 1,000, ambazo kwa lugha ya nahodha ni kama pima 550.

Msimu ninaoupenda ni Oktoba na Novemba. Kusi imeshakata, bahari imetulia, mkondo umelegea, na Ruvuma bado haijajaa. Januari hadi Aprili mto humwaga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na nitaeleza baadaye kwa nini hilo ni hatari. Miezi hiyo pia ni ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019 huku Mtwara nzima ikiwa imekaa macho, na wazee wa Lindi bado wanakitaja kimbunga cha Aprili 1952. Glaida yenyewe ikiwa mita mia chini haisikii upepo. Wewe na boti yako ndio mtakaousikia.

Vibali

Anza mapema kuliko unavyofikiri. Kibali cha utafiti hutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukipita ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, unahitaji pia ruhusa ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari. Washirika wa kigeni wanabanwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari: maombi yawasilishwe angalau miezi sita kabla. Toa taarifa kwa TASAC (wasimamizi wa vyombo vya majini), bandari na polisi wa majini, na uliza mapema TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kuhusu kifaa cha setilaiti.

Halafu kuna mpaka. Msumbiji iko jirani, na glaida haijui mstari. Mkono wa kusini wa mkondo ukiidaka itaingia kwenye maji yao ikiwa inapima, na kupima kwenye eneo la kiuchumi la nchi nyingine bila ridhaa ni kosa. Ama omba ridhaa ya nchi zote mbili, ama weka kwenye programu ya chombo mstari ambao kikiuvuka kinaibuka na kuita. Katika hali ya usalama ilivyo ng'ambo ya Ruvuma, bomba la njano lenye antena likiokotwa huko bila taarifa linaweza kukutia kwenye maswali ambayo hutayajibu kwa siku moja.

Kusafirisha

Betri za lithiamu za aina isiyoweza kuchajiwa tena haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo ndani ya ndege ya abiria. Zitakuja kwa meli, au kwa ndege ya mizigo zikiwa na karatasi za bidhaa hatari, kisha kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Panga miezi, si majuma. Usikubali mtu akushauri uzifunge kwenye begi.

Kufunga mwili

Tafuta chumba kisicho na vumbi. Feni izimwe, hata kama ni Januari.

Mwili wa glaida umeunganishwa kwa vipande, na kila kiungo kina oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji. Kabla ya kufunga, toa oringi kwa vidole au kijiti cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Ipitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada huku umefumba macho. Macho hudanganya, kidole kitasikia mkwaruzo. Paka grisi ya silikoni kidogo mno, ing'ae tu. Kisha pangusa mfereji wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, umulike kwa tochi ya pembeni. Safari moja niliona kitu kama mstari mwembamba kwenye mfereji, nikadhani ni mchoro wa chuma. Kilikuwa unywele, wa kwangu mwenyewe. Kwenye mita 1,000 maji yanasukuma kwa presha ya angahewa mia moja, na unywele mmoja ni njia ya kutosha.

Ukishafunga, nyonya hewa ya ndani hadi presha ifike kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, andika saa na joto la chumba, acha usiku kucha. Asubuhi soma tena. Hapa kwetu kuna mtego: chumba kikipata joto presha ya ndani hupanda yenyewe, mtu anadhani panavuja, anafungua kila kitu bure. Linganisha vipimo vya joto moja, alfajiri kwa alfajiri.

Kusawazisha uzito

Misafara mingi huharibikia hapa.

Glaida inazama au kuelea kwa tofauti ya gramu mia chache. Pampu yake hubadilisha ujazo kwa kama nusu lita, na mwili mzima una ujazo wa kama lita 60. Hesabu ni nyepesi: maji yakipungua uzito kwa kilo 1 katika kila mita ya ujazo, glaida inakuwa nzito zaidi majini kwa gramu 60.

Maji ya juu ya bahari yetu, yenye joto la nyuzi 28 na chumvi gramu 35 kwa kilo, yana uzito wa kama kilo 1,022 kwa mita ya ujazo. Maji ya Ulaya yenye nyuzi 10 na chumvi ileile yana kama 1,027. Glaida iliyosawazishwa huko, ukiishusha Mtwara kama ilivyokuja, imeshabeba gramu 300 za ziada. Itazama vizuri sana. Kuibuka ndiko kutakuwa na kazi.

Sasa ongeza Ruvuma. Wakati wa mvua maji ya mto hutandaa juu ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Chumvi ikishuka kutoka gramu 35 hadi 30 tu, umepata gramu nyingine 220. Glaida itapanda kutoka chini kwa raha zake, ifike kwenye hilo tandiko la maji mepesi, isimame chini yake. Antena haitoki nje. Chombo kizima, betri nzima, data imejaa, na simu haipigwi. Ndiyo maana sishushi karibu na mdomo wa mto msimu huo, na nikilazimika huwa naenda kwanza na boti kupima chumvi ya juu mahali penyewe.

Namna ya kusawazisha bila maabara: tafuta chombo chenye maji kinachoweza kuifunika glaida yote. Sisi tulitumia boti ya faiba iliyokwisha kazi, tukaiegemeza kwa mbao na kuijaza maji ya ghuba kwa pampu ya bustani wakati maji yamejaa. Huna haja ya kuiga maji ya nje kwa ukamilifu. Unahitaji kujua joto na chumvi ya maji ya kwenye boti, na joto na chumvi ya pale utakaposhusha, tofauti utaikokotoa.

Acha glaida majini saa kadhaa ili mwili upate joto la maji. Pampu iwe katikati. Kisha itikise, ipigepige kwa kiganja chini ya mkia na kwenye vifuniko vya pua, hadi viputo viache kutoka. Kiputo cha ukubwa wa kidole gumba ni gramu kadhaa za uongo. Ining'inize kwa kamba nyembamba mbili, mbele na nyuma, kila moja kwenye mizani yake. Mizani ya korosho haifai. Tafuta inayosoma gramu. Jumla ya mizani mbili ndiyo uzito wake majini, na tofauti kati yao ndiyo inayokwambia pua inalala au mkia. Ongeza au punguza vipande vya madini ya risasi ndani, funga, nyonya hewa upya, rudia. Ndiyo, rudia oringi zote. Siku mbili zitaisha hapo, na usimruhusu mtu akuharakishe eti boti imeshakodiwa.

Baraza na wavuvi

Wiki moja kabla, nenda kwenye vikundi vya BMU, vile vya wanavijiji wanaosimamia uvuvi wa mwambao: Msangamkuu, Mikindani, Msimbati, na vya Lindi na Kilwa pia, maana huko ndiko itakakofika. Beba glaida yenyewe, si picha. Iweke chini ya mwembe, watu waiguse. Swali la kwanza litakuwa kama ni bomu. La pili litakuwa kama inahesabu samaki ili serikali iongeze kodi. Jibu yote mawili bila kucheka.

Kubaliana mambo ya jarife. Nyavu hizo hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, na glaida inayoibuka usiku kati yake itanasa. Ukiwa karibu na maeneo ya uvuvi panga miibuko ya mchana. Wavu ukichanika, lipa. Sema hivyo mbele ya watu, taja na nani atalipa.

Ubavuni andika kwa rangi isiyofutika, kwa Kiswahili na Kireno: chombo cha utafiti wa bahari, si bomu, usikifungue, piga namba hii. Usikifungue ni neno la maana, kwa sababu ndani kuna betri za lithiamu, na zikigusana na maji ya chumvi zinaweza kuwaka. Kuhusu zawadi kwa atakayeiokota, mimi sitangazi kiasi. Ukitangaza donge nono, utaletewa glaida iliyookotwa ikiwa nzima na kazini. Nasema tu kwamba mafuta na siku ya kazi aliyopoteza mtu vitalipwa.

Siku ya kushusha

Chagua siku za maji mafu, si bamvua. Kupwa na kujaa kwetu wakati wa bamvua huzidi mita tatu, na mlangoni mwa ghuba maji yanakimbia. Toka alfajiri na umande, kabla upepo wa mchana haujaamka. Glaida ilale kwenye godoro la sponji ndani ya boti, mbawa zikiwa zimevuliwa, zivishwe mkifika.

Nenda nje ya mwamba hadi kina kisichopungua mita 100. Washa chombo, hakikisha kimeshika GPS na kimepiga simu, na kwamba mwenzako aliye kwenye kompyuta nchi kavu amekubali kwa mdomo wake. Kishushe kwa machela ya wavu, watu wawili, mkia ukitangulia. Usishike mbawa wala antena.

Mzamo wa kwanza uwe wa mita 3 hadi 5, ukiwa umekifunga kamba yenye boya. Kikirudi, fungua kamba. Wa pili mita 30. Wa tatu 100. Kila mara soma presha ya ndani, kihisi cha uvujaji, pembe ya pua, na kama kinalalia ubavu. Halafu sogea nje, 500, kisha kina chote. Kabla ya kuondoka, shusha kipimo cha joto na chumvi kwa kamba kutoka kwenye boti, mahali hapohapo, utakihitaji. Usirudi ufukweni hadi mzamo wa kwanza wa kina umepiga simu, hata kama nahodha amechoka. Mzamo wa mita 1,000 huchukua saa nne hadi tano. Bebeni chakula.

Kuiendesha

Rubani anakaa kwenye meza, na kazi yake kubwa ni kusoma tofauti. Kila glaida inapozama inakisia itatokea wapi. Ikiibuka GPS inasema imetokea wapi kweli. Tuseme imekaa chini saa 5, ilitakiwa kutokea kilomita 5 mashariki, imetokea kilomita hizo 5 mashariki na 7 kaskazini. Basi mkondo wa wastani ni kilomita 1.4 kwa saa, karibu mita 0.39 kwa sekunde. Umepata kipimo cha mkondo bila kihisi chochote cha ziada, na hicho mara nyingi ndicho cha thamani kuliko vyote, hapa ambapo mahali mkondo unapogawanyika huhama kwa msimu.

Mambo mawili yametuangusha, na yote ni ya namba. Aina fulani za glaida huandika mahali kwa digrii na dakika zilizounganishwa: 1016.5 maana yake ni digrii 10 na dakika 16.5, yaani digrii 10.275. Kijana wetu mmoja aliisoma kama 10.165. Tofauti ni kilomita 12, na boti ikazunguka nusu siku kwenye maji matupu.

La pili ni saa. Glaida inasema saa za UTC, yaani saa za kimataifa zinazohesabiwa kwa Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Na nahodha anahesabu saa za Kiswahili. Glaida iliandika itaibuka 06:00. Tukamtumia nahodha ujumbe kwamba iwe "saa tatu", kwa maana ya 9:00 asubuhi kwetu, naye akaelewa vizuri kabisa. Kesho yake mtu mwingine wa timu akamwandikia "15:00", naye akaja saa tisa mchana, sawasawa. Ila aliyeandika alikuwa amenakili UTC, alitaka saa kumi na mbili jioni. Tukampa giza na bahari iliyochafuka. Tangu hapo ujumbe wa nahodha unaandikwa na mtu mmoja tu, kwa maneno, na neno asubuhi au jioni lazima liwemo.

Angalia pia meli. Bandari ya Mtwara siku hizi ina meli za korosho kwa msimu na za makaa ya mawe, kwa hiyo usiipangie glaida kuibuka kwenye njia yao.

Kuiopoa

Iamuru ibaki juu, itume mahali ilipo kila dakika kumi. Ifikie kutoka chini ya upepo, zima injini ikiwa imebaki mita chache, mbawa za faiba hukatwa na panga boi kama biskuti. Sukumizia machela chini yake, vua mbawa ikiwa bado majini kama bahari inaruhusu, vuta. Isipoita kwa saa ishirini na nne, usikate tamaa mapema: zipo zenye uzito wa dharura unaojiachia wenyewe, na zikishauachia hubaki zinaelea, zikienda kaskazini na mkondo.

Pima tena joto na chumvi kwa kamba kutoka kwenye boti, kando yake. Ukifika nchi kavu ioshe kwa maji baridi, kwanza kihisi cha chumvi, taratibu. Kwaruza kombe wadogo kwa plastiki. Nakili kumbukumbu ya ndani kwenye diski mbili kabla ya kula.

Data

Linganisha vipimo vya glaida na vile viwili vya boti, cha kwanza na cha mwisho. Kihisi kikihama katikati ya safari, sahihisha kwa mstari na uandike umesahihisha nini. Nakala ziende TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi), Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao joto la chini ya uso linawafaa wanapofuatilia vimbunga.

Halafu chora mchoro mmoja wa joto kwa kina, kwenye karatasi kubwa. Mhimili wa kina uwe kwa pima, si mita, na mahali paandikwe kwa majina ya miamba ambayo wavuvi wenyewe wanayatumia; watakusahihisha, waache wakusahihishe. Ubandike kwenye ofisi ya BMU, na chini yake iandikwe namba ileile ya simu iliyo ubavuni mwa glaida.